Umebadilisha Nyumba Mara Nyingi Mno

Tampere, ghorofa ya tatu, Januari.
Saa tisa na nusu, na jua limeshafunga hesabu zake.
Jozi nne za viatu vya wageni zinalia theluji mlangoni.
Henna ameweka mikate ya mdalasini mezani
na hakuna anayeigusa, maana Tuukka ameshaanza.

"Euro sabini," anasema. "Sabini!
Nikapewa sanduku lenye picha ya mbwamwitu,
nikalichana kwa ukucha kama mtoto,
ndani mna nini? Karatasi.
Karatasi yenye herufi ishirini na tano.
Nimenunua nywila, jamani, neno
ambalo ukilitamka mara moja limekufa."

Jalmari huandika gemu, ndiyo kazi yake.
Anakoroga kahawa ambayo haina sukari.
"Miaka minne tuliijenga ile yetu, watu kumi na mmoja.
Siku ya pili ilikuwa imeshaibwa, imezagaa bure,
na wezi wenyewe wakatuandikia kulalamikia kasoro.
Kumi na mmoja tukabaki wanne.
Usiniambie kufuli ni tusi.
Wewe mlango wako huufungi?"

"Naufunga. Ila ufunguo ninao mimi.
Huu wenu ni mlango wa kwangu
na ufunguo umo mfukoni mwa seremala."

Bomba la joto linagugumia ukutani.

Raili wa maktaba hapazi sauti, kazi imemzoeza.
Anasema rafu ya gemu ilikuwa imefika dirishani;
wavulana waliingia na barafu kwenye kope,
wakaazima tatu tatu,
wakarudisha zina alama za vidole vyenye siagi.
Sasa rafu imeota mapengo
kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza,
ila haya meno hayarudi.
"Karatasi ya herufi haiazimiki," anasema.
"Wa kwanza kuitumia ndiye wa mwisho."

Nami nawaza: cha kuazima hakistiri, sawa,
lakini hiki kimenunuliwa, kina risiti,
na bado nasikia upepo nyuma.

Elmeri wa Henna, miaka tisa, yuko chini ya meza
anasikiliza miguu yetu.
Wiki hii ni ya mama. Ijayo ni ya baba, kule Lempäälä.
Kila Ijumaa hufunga mkoba: soksi, mswaki,
sungura wa kitambaa asiyetajwa mbele za watu.
Gemu yake ya kujenga madaraja haimo mkobani,
kwani haimo popote.
Mwezi uliopita mashine ilimwandikia, kwa adabu zote:
*Umebadilisha nyumba mara nyingi mno.
Jaribu tena baada ya siku mia tatu sitini na tano.*

"Hata hakimu," anasema Henna, akimega mkate hatimaye,
"hata hakimu aliyetutenganisha
alimpa nyumba mbili."

Jalmari anaweka kikombe chini.
Anafungua mdomo, anaufumba.
"Sisi pia tuliandika hivyo," anasema.
"Pale penye 'nyumba' tukaweka moja.
Kuna mwenzetu aliuliza, kwa nini moja?
Ilikuwa Ijumaa jioni. Kila mtu alitaka kwenda kwao."

Tuukka ameshinda, na hana uso wa mshindi.
Anakwangua sukari sahanini kwa kidole.

Kutoka chini ya meza, sauti:
"Daraja langu la saba liko kwa baba.
Mashine ikizimwa, lipo?"

Watu wazima watano, simu tano, digrii sita,
na hakuna anayejua.

"Maktaba tunayo ile ya zamani," Raili anasema,
"ya diski. Ina mkwaruzo. Hukwama hatua ya nne,
uipulizie, uifute kwa shati, itaendelea."

"Nani aliikwaruza?"

Raili anafikiri, anahesabu kitu kwa midomo.
"Wote," anasema.

Elmeri anatoka, magoti meupe kwa vumbi,
anaanza kutafuta glavu zake.